Mtoto katika Bajeti ya Halmashauri

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeziweka serikali za mitaa za Tanzania Bara mstari wa mbele katika ulinzi na ustawi wa mtoto. Kifungu cha 94 kinaitaka kila halmashauri itunze daftari la watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi na iwasaidie kadiri inavyowezekana. Mtoto aliyepotea au kutelekezwa apewe hifadhi, na wazazi wake watafutwe. Mzigo huo si mdogo. Bara ina halmashauri 184, na Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa karibu nusu ya Watanzania hawajatimiza miaka 18. Kipi kinawezekana na kipi hakiwezekani, hilo huamuliwa kila mwaka kwenye mpango na bajeti.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, lakini maandalizi huanza miezi mingi nyuma, pale mwongozo wa serikali kuu unapotoka na kila halmashauri inapoelezwa ukomo wake wa bajeti. Kwa utaratibu, mambo huanzia kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake, huibua vipaumbele kwa njia ijulikanayo kama Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Vipaumbele hivyo hupita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, inayoongozwa na diwani, kisha huenda makao makuu ya halmashauri.

Njia hiyo huwafaa zaidi wenye shida zinazosemeka hadharani. Kisima kimekauka, darasa limeezuliwa paa, zahanati iko mbali: hayo husemwa na kupigiwa makofi. Ni nadra mtu kusimama mbele ya majirani zake akataja nyumba ambayo mtoto huchomwa mikono kwa kudokoa sukari, au binti anayemwogopa mjomba wake. Watoto wenyewe si wajumbe wa mkutano. Mabaraza ya watoto yapo, ila sauti yao hufika mbali tu pale afisa au diwani anapoamua kuibeba.

Ukubwa wa yanayofichwa ulijulikana kwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliochapishwa 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa kuhusu utoto wao, na karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili. Baadaye ukaja Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, maarufu kama MTAKUWWA, ulioanza 2017/18 ukilenga kupunguza ukatili kwa nusu. Mpango huo uliagiza kuwe na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Kwa mpangaji wa halmashauri, kamati hizo ni masikio. Pamoja na daftari la watoto, taarifa za Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na simu za namba 116 ya msaada kwa watoto, ndizo zinazompa hesabu ambayo mkutano wa kijiji hauwezi kumpa. Kata isiyo na kamati hai huonekana shwari kwenye makaratasi, na kata yenye kamati inayofanya kazi huonekana imeharibika. Asiyelijua hilo hupeleka fedha kinyume.

Makao makuu ya halmashauri, jukumu la ustawi wa mtoto liko kwenye Divisheni ya Huduma za Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe. Kuwa nyumba moja na afya kuna faida: shughuli za ustawi huingia kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, na mtoto aliyeumizwa anahitaji daktari na afisa ustawi kwa wakati mmoja. Hasara ni kwamba dawa, chanjo na mishahara ya wauguzi haviwezi kungoja, hivyo ustawi huangaliwa mwishoni, wakati ukomo umeshakaribia.

Kila shughuli huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa PlanRep kwa mpangilio wa lengo, shabaha, shughuli na mahitaji. Afisa hawezi kuandika “kusaidia familia zenye migogoro” akaishia hapo. Lazima aseme ni familia ngapi, katika kata zipi, robo gani ya mwaka, kwa lita ngapi za dizeli, posho ya watu wangapi, na fedha zitoke wapi: mapato ya ndani, ruzuku ya serikali kuu au mfadhili. Hapo ndipo tabia halisi ya huduma hizi hujitokeza. Sehemu kubwa yake si majengo wala vifaa, ni muda wa mtumishi na usafiri wa kumfikisha mlangoni mwa watu. Vitu vya namna hiyo ndivyo rahisi kufyekwa bajeti inapobana, kwa kuwa hakuna kiongozi anayealikwa kukata utepe wa ziara ya nyumbani.

Chukua mtoto wa miaka minne aliyeachwa kwenye stendi ya mabasi Ijumaa jioni. Polisi wa dawati humpigia simu afisa ustawi. Kama ana majeraha, hujaziwa fomu ya polisi ya PF3 na kupelekwa hospitali. Usiku ukiingia anahitaji pa kulala, na makao ya watoto yanatakiwa kuwa kimbilio la mwisho, hivyo hupelekwa kwa familia ya kuaminika, yaani kaya iliyochunguzwa na kufundishwa mapema kupokea watoto kwa muda. Tangazo hutolewa redioni. Ndugu wakipatikana mkoa mwingine, afisa husafiri na mtoto. Wasipopatikana, suala huenda mahakamani ili itolewe amri ya matunzo. Familia ile ya kuaminika ilipaswa kutafutwa mwaka uliopita, mafunzo yake yawe na kasma, yaani fungu lake katika bajeti, na nauli ya safari iwe imetengwa kabla mtu yeyote hajajua kuwa mtoto huyo angeachwa.

Si kila kinachomfikia mtoto hutoka kwenye kasma ya ustawi. Ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kwa kaya maskini, ambazo huibuliwa na wanakijiji wenyewe, huambatana na masharti ya kliniki na mahudhurio ya shule. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Mashirika yasiyo ya kiserikali nayo huleta fedha na watu, wakati mwingine kuliko halmashauri yenyewe. Mradi wa Kizazi Kipya, uliofadhiliwa na Marekani kati ya 2016 na 2021, uliwatumia wahudumu wa kujitolea kuwatembelea watoto na walezi walioathiriwa na VVU. Mpangaji makini huuliza mapema ni nani atakayelipa posho za wahudumu hao mradi ukifungwa.

Rasimu ikishakamilika hupitiwa na wakuu wa divisheni, kisha kamati za kudumu, na Baraza la Madiwani huidhinisha. Mkoa huikagua, TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, huikusanya pamoja na nyingine, na mwishowe Bunge huipitisha.

Kupitishwa hakumaanishi fedha ipo. Mapato ya ndani hutegemea ushuru wa mazao, leseni na masoko, na msimu mbaya huonekana haraka kwenye kasma ndogo. Taarifa za kila robo mwaka huonyesha kilichopangwa, kilichopokelewa na kilichofanyika. Diwani mwenye jicho husoma safu ya pili kabla ya ya tatu, kwani kumlaumu afisa kwa ziara ambazo hazikulipiwa mafuta ni kupoteza muda wa kikao. Shughuli ambazo hazikutekelezwa huweza kuingizwa tena katika mpango unaofuata, zikagombee upya nafasi ndani ya ukomo.