Kwa nini mtoto akizaliwa awekwe kifuani kwa mama kabla ya kupimwa uzito?

Mtoto amezaliwa, amelia, na kila aliyemo chumbani ameshusha pumzi. Kinachofuata kwenye vyumba vingi vya kujifungulia kinajulikana: kitovu kinakatwa, mtoto anapimwa uzito, anafungwa khanga na kulazwa pembeni. Mama anaonyeshwa mara moja, anaambiwa ni wa kike au wa kiume, halafu anasubiri.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka mambo yaende kinyume chake. Mtoto ambaye hana tatizo akaushwe, awekwe bila nguo juu ya kifua kitupu cha mama, afunikwe mgongoni, na abaki hapo saa nzima ya kwanza. Mizani itasubiri.

Wengi huona hilo ni jambo la mapenzi tu, mama na mwanawe wazoeane. Mapenzi yapo, ndiyo. Lakini kwa mtoto mdogo sana, kifua hicho ni tiba.

Khanga hailingani na ngozi

Tumboni mtoto alikuwa kwenye joto la nyuzi 37 hivi. Anatoka akiwa ameloa, na maji yanapokauka mwilini yanaondoka na joto lake, kama mtu aliyetoka kuoga akasimama kwenye upepo. Ana mafuta kidogo mwilini na hawezi kutetemeka kama mtu mzima ili ajipashe joto. Ndiyo maana hata pwani, watu wazima wakiwa wanatokwa jasho, mtoto mchanga anaweza kupoa hadi kufikia hatari.

Khanga inahifadhi lile joto alilobaki nalo, haimuongezei jingine. Ngozi ya mama inamuongezea.

Kifuani pia ndipo maziwa yalipo. Mtoto akiachwa hapo ananusa, anajisogeza polepole, na wengi hulipata titi ndani ya saa hiyo ya kwanza. Hapo hunyonya dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya rangi ya njano ambayo baadhi ya familia bado huyakamua na kuyamwaga zikidhani ni machafu. Yana kinga nyingi dhidi ya maradhi. Mama naye anafaidika: mtoto akinyonya, mwili wake hutoa homoni ya oksitosini, ambayo husaidia mfuko wa uzazi kujikaza.

Ilianza kwa uhaba wa mashine

Kwa watoto njiti, njia hii ina historia yake. Mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa akifanya kazi kwenye hospitali ya wazazi mjini Bogotá, Colombia. Mashine za kutunzia joto hazikutosha, watoto walichangia mashine moja, na maambukizi yalikuwa yakiwaua. Akaamua mama ndiye awe mashine: mtoto afungwe kifuani ngozi kwa ngozi, kama kangaruu na mwanawe. Jina likabaki.

Kwa miaka mingi ikachukuliwa kuwa njia ya maskini. Tena kulikuwa na sharti: njiti atulie kwanza kwenye mashine, hata siku kadhaa, ndipo apewe mama.

Sharti hilo lilipimwa kwenye utafiti wa hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021. Ulihusu watoto zaidi ya 3,200 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Kundi moja liliwekwa kifuani mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa. Jingine lilisubiri hadi watoto watulie.

Kati ya waliosubiri, asilimia 15.7 walifariki ndani ya siku 28. Kwa waliowahi kifuani ilikuwa asilimia 12. Yaani vifo vilipungua kwa robo hivi, na utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine.

Mwaka 2022 WHO ikabadilisha mwongozo wake: njiti aanze mara moja, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Kinachokwamisha

Si mashine wala dawa. Ni vitanda na mazoea. Kwenye hospitali nyingi mama analazwa wodi yake na njiti yuko chumba kingine, mama anaitwa saa za kunyonyesha tu. Kwenye utafiti ule akina mama waliwekewa vitanda palepale walipotibiwa watoto wao. Pia hakuna mama anayeweza kukaa na mtoto kifuani saa 20 huku akipika na kufua. Baba, bibi au mama mdogo anaweza kupokea zamu. Kifua cha baba kinatoa joto vilevile, ingawa wanaume wengi huona aibu kuvua shati wodini.

Aliyejifungua kwa upasuaji naye anaweza, mara tu akiwa macho na hali yake ikiruhusu. Ila mtoto asiyepumua lazima asaidiwe kupumua kwanza. Kuoga kusubiri angalau saa 24.

Jinsi ya kumshika

Mtoto asimame wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, amevaa nepi, kofia na soksi. Kichwa kigeukie upande mmoja, kidevu kisibanwe kifuani, na pua ionekane muda wote. Kitambaa cha kumfungia kifike usawa wa sikio. Mama aegemee mito badala ya kulala chali kabisa, na kwenye saa zile za mwanzo, akiwa amechoka au amepewa dawa ya usingizi, awepo mtu mwingine wa kumwangalia mtoto.