Mgeni Akifika Kyumbi: Mambo ya Kutazama Katika Milima ya Machakos

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa kwa barabara kuu hufika Kyumbi, mahali ambapo njia ya mji wa Machakos huachana na ile ya pwani. Wengi hupita mbio bila kugeuza shingo. Lakini mgeni aifuataye njia hiyo huona mengi ya kumpendeza, na mengine ya kumfundisha.

Kwanza huuona mji wenyewe, uliokaa kati ya vilima. Jina lake latokana na Masaku, mzee mashuhuri wa Wakamba. Waingereza waliweka hapa makao yao ya bara kabla ya Nairobi kuwa mji. Lakini reli ilipita mbali, na mwaka 1899 makao hayo yakahamishiwa Nairobi.

Kutoka mjini wageni hupenda kwenda Kituluni. Hapo dereva husimamisha gari, huondoa gia, na gari huonekana likijiendea lenyewe kupanda mlima. Maji yakimwagwa barabarani, nayo huonekana kukimbilia juu. Watu hucheka, hubishana, na kurudia tena. Sababu yake si uchawi wala sumaku. Umbo la vilima hudanganya macho, hata mteremko ukaonekana mpando. Maji hayajaacha desturi yake: yashuka tu.

Na desturi hiyo ya maji karibu iiangamize nchi hii. Katika miaka ya 1930 mvua ilichukua udongo mwingi milimani, hata maofisa wa kilimo wakahofu kwamba Machakos ingegeuka jangwa. Serikali ikaona ng'ombe ni wengi mno, ikaanza kuwauza kwa nguvu. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kulalamika. Yeye alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini uuzaji huo wa nguvu ukaachwa.

Basi mgeni na ayainue macho yake kutoka barabarani, ayatazame mashamba. Milima imekatwa matuta kama ngazi, toka chini hata karibu na kilele. Mengi yalichimbwa na vikundi vya kusaidiana viitwavyo mwethya, ambamo wanawake walifanya kazi kubwa. Njia iliyopendwa sana yaitwa "fanya juu": mtu huchimba mfereji kukata mteremko, na udongo huutupa upande wa juu. Tuta huzuia udongo na maji. Miaka ikipita, shamba huwa tambarare. Jina hilo la Kiswahili sasa latumiwa na wataalamu wa kilimo wa nchi nyingi.

Watu wa Machakos walikuwa kama 240,000 mwaka 1932. Mwaka 1989 walikaribia 1,400,000. Hata hivyo watafiti waliochapa kitabu mwaka 1994 walikuta kwamba mmomonyoko ulikuwa umepungua, na mavuno ya kila ekari yalikuwa yameongezeka.

Gari lipandalo mlima bila gia ni ajabu ya macho, na mgeni akiondoka hana la kuchukua. Lakini ajabu ya matuta mkulima yeyote aweza kuipeleka kwake kwa jembe na sepeto. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa shamba huanza na kijifereji kimoja cha maji ya mvua.