Chanjo ya Kichaa cha Mbwa Haizuii Kuhara Damu

Wafugaji wengi wa mbwa, wakishapewa cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, huamini kwamba mnyama wao amekingwa dhidi ya kila ugonjwa. Sivyo. Chanjo inayotolewa bila malipo kwenye kampeni za mashinani hukinga kichaa pekee. Haizuii parvo, ugonjwa wa virusi unaosababisha kuhara damu na kuua hasa watoto wa mbwa wenye umri wa kati ya wiki 6 na miezi 6.

Chanjo ya parvo ni tofauti, na kwa kawaida mwenye mbwa hujilipia. Huanza mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Sindano moja haitoshi, kwa kuwa kinga aliyopata kutoka kwa mama yake huweza kuidhoofisha chanjo ya kwanza. Paka nao wana chanjo yao, dhidi ya virusi vya jamii hiyo hiyo.

Mbwa aliyeambukizwa huanza kuugua baada ya siku 3 hadi 7. Hunyong'onyea, hukataa chakula, hutapika, kisha huhara kinyesi chenye damu na harufu kali. Mara nyingi kinachomuua ni upungufu wa maji mwilini, pamoja na bakteria wanaopenya kwenye damu kupitia utumbo ulioharibika. Vuta ngozi ya mgongo wake kwa vidole: isiporudi mara moja, au fizi zikiwa kavu, usingoje kesho. Bila matibabu wengi hufa, ilhali wanaowahishwa kwa daktari na kuongezewa maji kwa mshipa wengi wao hupona.

Si kila kuhara ni parvo. Minyoo, mizoga, mabaki ya jaani na kubadilishiwa chakula ghafla pia husababisha. Mbwa mzima anayehara bila damu na bado ni mchangamfu anaweza kupewa maji safi na wali laini wenye kuku wa kuchemshwa, bila chumvi wala kitunguu. Akiendelea kuhara baada ya siku moja, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mtoto wa mbwa au wa paka apelekwe siku hiyo hiyo.

Dawa za binadamu ziachwe kabatini. Parasetamoli ni sumu kwa paka, hata kipande cha tembe, na ibuprofeni huweza kuharibu tumbo na figo za mbwa.

Jambo linalowagharimu wengi ni kumleta mbwa mchanga mwingine katika kibanda alimofia wa kwanza. Virusi vya parvo huweza kukaa kwenye udongo hadi mwaka mzima, na sabuni peke yake haiviui. Ondoa kinyesi, osha sakafu kwa sabuni, kisha ipake Jik iliyochanganywa na maji, sehemu 1 kwa 20, na uiache kwa dakika 10. Udongo hausafishiki hivyo, kwa hiyo mbwa mpya asiletwe kabla hajamaliza chanjo zake.

Parvo ya mbwa haiambukizi binadamu, lakini minyoo na baadhi ya bakteria walio kwenye kinyesi huambukiza. Watoto wasiachiwe kazi ya kukizoa.