Lubumbashi: Majani ya bustani yanakauka wakati wa kiangazi, wapi bomba limeziba?

Mvua ikikatika Lubumbashi kunako mwezi wa tano, wenye bustani hufungua tena mabomba ya kunyunyizia maji yaliyolala miezi mingi. Ndipo wengi wanagundua kwamba upande mmoja wa uwanja unapata maji na mwingine unabaki mkavu. Mvua hairudi mbele ya mwezi wa kumi. Majani hayawezi kungoja hadi hapo.

Kosa la kwanza ni kuchukua jembe na kuanza kuchimba. Kabla ya hapo, inafaa kutazama ni vichwa vipi vya kunyunyizia vinavyokosa nguvu. Kikiwa kimoja tu, uchafu uko ndani yake: udongo mwekundu, chokaa, au sisimizi waliojenga humo wakati bomba halikutumiwa. Vikiwa vyote vya mstari mmoja, chunguza vana na chujio la mstari huo. Vikianza kudhoofika kuanzia mahali fulani hadi mwisho, tatizo liko karibu na hapo. Na kama udongo umelowa bila sababu, bomba halikuziba, limepasuka.

Kuna jambo jingine linalodanganya watu. Nyumba nyingi zina tanki juu ya mnara. Maji yakishuka kutoka kimo cha mita 10 yanatoa nguvu ya bari 1 tu; mnara wa mita 3 hautoi hata theluthi ya bari. Vichwa vinavyozunguka huhitaji karibu bari 2 au zaidi. Umeme ukikatika na pompi ikasimama, vichwa vyote vitalegea, hata bomba likiwa safi kabisa. Tena pompi inaposimama, maji yaliyobaki hutiririka kupitia vichwa vya chini, bomba linavuta hewa, na wakati mwingine linavuta matope pamoja nayo. Kwa hiyo mji wenye umeme wa kukatika-katika huziba mabomba yake zaidi.

Kichwa kilichoziba hufunguliwa kwa mkono. Ndani mara nyingi kuna kachujio kadogo; kaoshe, na kama kuna ukoko mweupe, kaloweshe ndani ya siki usiku mzima. Maji ya visima vya kuchimbwa katika eneo lenye miamba ya chokaa huacha ukoko huo. Tundu lisichokolewe kwa waya wala msumari: likipanuka, maji hayatarudi kwenye umbo lake.

Ikiwa mstari mzima ndio umeziba, ondoa kichwa cha mwisho kabisa, funga mistari mingine, kisha fungua maji kwa nguvu yote mpaka yatoke safi. Kipimo ni ndoo: ya lita 10 ikijaa kwa sekunde 20, mstari unatoa lita 30 kwa dakika. Pima karibu na pompi, halafu mwishoni. Tofauti ikiwa kubwa, kizuizi bado kipo.

Hapo tu ndipo jembe linapata kazi, na hata hivyo kwa akili. Kwenye bomba la mita 40, kata katikati, kwenye mita 20. Maji yakitoka vizuri, kizuizi kiko mbele. Yasipotoka, kiko nyuma. Kata tena katikati ya sehemu iliyobaki. Baada ya kukata mara tatu, unajua mahali pake ndani ya mita 5. Anza lakini kwa kutazama palipo na kona, mizizi ya mwembe, na njia ambapo gari huingia, kwani huko bomba hupondwa mara nyingi.

Baada ya kuunganisha, acha kichwa cha mwisho wazi kwanza. Vumbi la msumeno na mchanga ulioingia shimoni vinapaswa kutoka huko, la sivyo vitakaa ndani ya vichwa vipya vilivyooshwa jana.