Saladi ya Majani ya Rangi katika Pwani ya Tanga

Mboga nyingi za kizungu ziuzwazo mjini Tanga hutoka Lushoto, katika milima ya Usambara, ambako hewa ni ya baridi. Mkulima wa Muheza, Pangani au Mkinga hawezi kushindana na watu wa milimani kwa saladi ile ifungayo kama kabichi, kwa kuwa joto la pwani haliiachi ifunge. Lakini iko saladi ya majani, isiyofunga, nayo yakufaa sana. Saladi ya Lushoto hushuka kwa gari hata Mombo, kisha huja njia ndefu mpaka mjini, na jani lake hulegea. Ya kwako yaweza kuchumwa alfajiri na kuwa sokoni kabla jua halijapanda.

Wanunuzi, hasa wenye hoteli, hupenda jani lenye rangi. Iko Lollo Rossa, nyekundu, yenye ukingo uliojikunja-kunja, na ziko zile ziitwazo Batavia, zinazostahimili joto kuliko nyingine. Ujue ya kwamba wekundu wa jani huletwa na mwanga mwingi pamoja na ubaridi. Panda nyekundu wakati wa kusi, tangu Juni hata Septemba, wala usiifunike baada ya kushika mizizi. Mwezi wa Januari huna budi kuiwekea kivuli isiungue, na katika kivuli rangi hupotea. Basi miezi ya kaskazi panda ya kijani tu, au afadhali upande mchicha.

Mbegu za saladi zina tabia yake. Udongo ukipata joto lipitalo digrii 30, hulala zisiote, na mkulima hudhani ameuziwa mbegu mbovu. Zifunge katika kitambaa kibichi, uzilaze usiku mmoja kando ya mtungi wa maji, kisha uzisie kesho yake jioni. Zifunike kwa udongo kidogo mno, usiozidi robo inchi, kwa maana mbegu hizi hutaka mwanga ndipo ziote. Juu ya kitalu weka makuti juu ya miti, futi 3 kutoka chini.

Mche ukiwa na majani 4 au 5, uhamishe jioni, inchi 10 toka mche hata mche. Mchanga wa pwani haushiki maji, kwa hiyo changanya samadi nyingi iliyooza, na umwagilie asubuhi na jioni. Kama kisima chako ki karibu na bahari, onja maji yake kwanza. Yakiwa na chumvi ulimini, usiyatumie, kwani saladi haipendi chumvi: ncha za majani huungua, na jani lililoungua halina mnunuzi.

Neno hili ulishike sana. Saladi huliwa mbichi, moto haupiti juu yake. Maji ya mtaro au samadi mbichi huweza kumletea mlaji homa ya matumbo, kipindupindu au minyoo, na huyo mlaji huenda akawa mtoto wako mwenyewe. Samadi ioze muda wa miezi 4 kabla ya kuitia shambani. Tena sokoni usiyanyunyizie majani maji usiyoyajua yalikotoka ili yaonekane mabichi.

Baada ya wiki 6 hata 8 tangu kusia, anza kuchuma majani ya nje, uuache moyo uendelee kukua. Yapange katika kapu lililotandikwa majani ya mgomba yaliyooshwa, wala usiyashindilie. Shina likianza kupanda juu, na jani likikatwa likatoa utomvu mweupe mwingi, ladha imekwisha kuwa chungu. Ng'oa, uwape kuku. Ili usikose mzigo wa kupeleka sokoni, sia kitalu kidogo kila baada ya wiki 2, tangu masika yanapopungua mwisho wa Mei hata katikati ya Agosti.