Kuamini na Kuthibitisha: Swali la Darasani

Katika somo la semantiki, mwanafunzi mmoja alituuliza swali ambalo hatukuweza kulimaliza siku ile: je, kumwamini Mungu kunahitaji ithibati? Tumeona tulirejee hapa, kwani lugha zetu mbili zina la kusema.

Kwanza tuondoe kosa la kila mwaka. Imana ya Kirundi na imani ya Kiswahili hazina undugu wowote. Imani imetoka katika Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa amini, amana na uaminifu. Anayeweka amana kwa jirani hadai hoja. Anamtegemea kwa sababu anamjua. Ndiyo maana Kiswahili kinatofautisha "naamini kwamba Mungu yupo" na "namwamini Mungu". Sentensi ya kwanza ni dai, na asiyekubali ana haki ya kuomba ushahidi. Ya pili ni tegemeo.

Majina ya Kirundi nayo hayalingani. Habimana linasema kuna Mungu, basi. Hakizimana linasema anayeponya ni Mungu: hapo mzazi anatoa ushuhuda. (Ushuhuda, ushahidi na shahada, hata ile tunayoitundika ukutani, ni mzizi mmoja.)

John Mbiti wa Kenya, katika African Religions and Philosophy cha mwaka 1969, aliona kwamba Mwafrika anajua Mungu yupo bila kuthibitishiwa. Mwaka 1970 Okot p'Bitek wa Uganda alipinga vikali: kwake, wasomi Wakristo wa namna hiyo walikuwa wakiivalisha miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki. Sisi tunaona p'Bitek ana haki katika jambo moja. Majina yanaonyesha watu walisema nini. Hayathibitishi kwamba walilolisema ni kweli.

Lakini mwanafunzi wetu hakuwa akiuliza habari za vitabu. Kaka yake aliitwa Hakizimana, akauawa mwaka 1993. Jina lile, alituuliza, lilikuwa ushuhuda wa nini?

Darasa lilinyamaza. Tulijaribu kusema kwamba kumwamini kunabeba ndani yake kuamini kwamba, maana huwezi kuweka amana kwa mtu asiyekuwapo. Kwa hiyo swali la ithibati haliondoki kwa kubadili kitenzi tu. Alikubali. Kisha akatuambia kwamba mtoto aliyezaliwa kwao mwaka uliofuata, wazazi walimwita Habimana.