Transdusa Ikae Wapi?

Katika maziwa ya Marekani, ambako uvuvi wa burudani ni shughuli ya mamilioni ya watu, wavuvi wenye mashua ndogo za alumini hupenda kushindana kwa ukubwa wa skrini za sonari. Lakini kinachoamua kitakachoonekana kwenye skrini hiyo kimefungwa tezi, chini ya maji, na ni nadra kutazamwa tena: transdusa, kifaa kinachotoa mlio na kupokea mwangwi wake. Sonari ya kawaida huelekeza mlio chini tu. Ile ya pembeni huutoa kulia na kushoto, katika ukanda mwembamba mno unaotanda ubavuni mwa mashua, na kadiri chombo kinavyosonga, kanda hizo hupangwa moja baada ya nyingine hadi picha ya chini ya ziwa inakamilika. Mara nyingi kisiki au mwamba hutambulika kwa kivuli chake, kwa kuwa mlio hufika kwa mshazari kama jua la alasiri. Mlio ukizuiwa njiani, skrini ya bei yoyote ile haitaonyesha kitu.

Tatizo hili wahandisi walilijua mapema. Mwaka 1967 Martin Klein, katika kampuni ya EG&G, alitengeneza sonari ya pembeni ya kuuzwa, na transdusa zake zilikaa ndani ya chombo kinachovutwa kwa kebo nyuma ya meli. Huko nyuma zilikuwa mbali na kelele za rafadha na mapovu ya mkondo wa meli. Mwaka 2005 Humminbird ilipoleta teknolojia hiyo kwa mashua ndogo, bei ilishuka, ila transdusa ikarudi palepale ilipokuwa imeepushwa, yaani jirani na injini. Kwa maoni yangu, mkono wa kushikilia transdusa, unaoweza kuteremshwa, kupandishwa na kugeuzwa pembe, ni njia ya kurudisha sehemu ya uhuru uliopotea.

Chukua mashua yenye tezi ya upana wa sentimita 120, injini ikiwa katikati. Kutoka injini hadi ukingoni ni sentimita 60 tu, na ushauri wa kawaida ni kuiweka transdusa angalau sentimita 38 kutoka kwenye rafadha. Nafasi inayobaki ni finyu. Ukiifunga upande wa kulia, mguu wa injini unaoning'inia majini utaziba sehemu ya picha ya kushoto. Ukiiteremsha ipate kuona chini ya kizuizi hicho, itagonga mawe mashua ikienda kasi au ikikaribia ufukwe. Mwinamo nao una gharama yake: nyuzi 5 tu za kulalia upande mmoja, kwa umbali wa mita 30, huhamisha mlio kwa zaidi ya mita 2.5. Na mashua ndogo huinama kila abiria anapohama kiti.

Atakayepinga atasema bano linalokuja ndani ya boksi linatosha, tena mkono mrefu hutikisika. Bano hilo hurekebishika kidogo kweli, lakini kwa bisibisi, mashua ikiwa nchi kavu, wakati kasoro huonekana majini watu wakiwa wamekwisha panda. Kuhusu mtikisiko, hoja ina uzito pale mkono unapokuwa mwembamba au haufungiki imara. Hata hivyo, skani nzuri hufanywa polepole, kilomita 5 hadi 10 kwa saa, na safari ya kasi ni wakati wa kuupandisha mkono. Wengi hata huinua injini kubwa na kusukumwa na mota ya umeme iliyoko omo, na hapo kizuizi cha kushoto hutoweka. Mwenye boti pana na nzito, ambayo haiyumbi kwa abiria wawili, anaweza kuridhika na bano la kawaida bila kujuta.

Hofu ya kutoboa tezi ni ya haki, kwani kila tundu ni njia ya maji. Dawa yake ni ubao wa plastiki ngumu: hufungwa hapo mara moja tu, matundu yake yakizibwa kwa silikoni ya vyombo vya majini, kisha skrubu zote za baadaye huingia kwenye ubao. Kipimo cha mwisho ni kupita polepole mahali penye chini tambarare, injini ikiwa imeinuliwa: pande mbili za picha zinapaswa kung'aa sawa. Upande mmoja ukiwa na giza, mkono umelala. Giza likitokea tu pale injini inaposhushwa, ni kivuli cha mguu wake, na transdusa iteremshwe zaidi.